Ingobyi Iliyogeuzwa Mara Mbili

Mwaka huu walikuja watembeaji. Ndivyo wanavyojiita, watembeaji, kama vile sisi wengine tulizaliwa tumekaa. Walitoka Kabanga mpakani kwa miguu, wakapita Ngara, wakakata pori, wakafika Biharamulo kwenye nyumba yangu ya wageni wamevaa fulana za rangi moja zilizoandikwa kifuani TEMBEA UPONE. Kila mmoja ana fimbo mbili za chuma mkononi, kofia yenye pazia la kufunika shingo, na mrija wa maji unaotoka mgongoni mpaka mdomoni ili asipate taabu ya kuinua chupa. Nyuma yao gari lenye kiyoyozi, limebeba mabegi yao, dawa zao na mpishi wao. Nikamuuliza dereva, sasa kama gari lipo wanatembea kwa nini? Akasema, mzee, wanachangisha fedha za kununua gari la wagonjwa. Nikadhani sikusikia vizuri. Watu wanashuka kwenye gari, wanatembea, ili lipatikane gari. Mimi shule niliishia darasa la nne, huenda hayo yanafundishwa mbele zaidi.

Jioni walikaa duara kwenye ukumbi wangu wa chakula. Nilikuwa nimewapikia ndizi kwa maharage na nyama ya mbuzi. Mpishi wao akaja kunusa sufuria zangu kama bwana afya, wakaishia kula tambi zao walizokuja nazo. Nikakaa nyuma ya kaunta najifanya nafuta glasi, kumbe nasikiliza. Kila mmoja alisimama akasema amepoteza nini katika maisha na barabara imempa nini. Mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizochongwa akasema, "Kule juu kwenye milima ya Ngara niliiacha ndoa yangu. Niliiweka chini palepale, nikaendelea kutembea." Wenzake wakafuta machozi. Mimi nikajiuliza ni mkulima gani wa Ngara ataikuta ndoa ya mtu wa Dar kwenye shamba lake la maharage, na ataifanya nini. Mwingine akasema kila lengelenge la mguuni kwake ni kilio kinachotafuta njia ya kutokea. Hapo nikaingia jikoni nikacheka mpaka wapishi wangu wakaniuliza kama ninaumwa. Niliporudi alikuwa amesimama binti mmoja mwembamba, Neema jina lake. Akasema, "Mama yangu amefariki. Kisigino kinaniuma. Basi." Akakaa. Huyo peke yake hakunichosha.

Kisha kiongozi wao, kijana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupewa kipaza sauti, akanigeukia. "Mzee wetu Anatoli, shikamoo kwa mara nyingine."

"Marahaba."

"Tungependa na wewe utushirikishe. Umewahi kwenda safari kwa ajili ya wengine?"

"Nilibeba," nikamwambia.

"Ulibeba nini, mzee?"

"Watu."

Wakapiga makofi. Walidhani nimesema fumbo.

Asubuhi yake, wanakunywa chai, simu yangu ikalia. Alikuwa Laurenti, mtoto wa Sirili wa Kanazi. Sauti yake nilikuwa sijaisikia tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. "Baba ametutoka," akasema. Nikampa pole kama unavyompa pole mtu yeyote. Nikamwambia nitatuma mchango, biashara imenibana. "Mzee, hatuwezi kuzika bila wewe. Baba ameacha neno." Neno gani? "Ukifika utaambiwa." Nikakata simu nimekasirika. Sirili alikuwa hivyohivyo, hata maiti yake inatoa amri. Nikatoka nje kuwasha gari langu, pikapu ya kubebea mahindi, nikamkuta yule Neema kwenye ngazi, kisigino kimefunuka nyama, wenzake wanajipanga kuelekea ziwani. Wamemwambia abaki asubiri kuchukuliwa. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema msibani, Kanazi. "Nipeleke, mzee. Nikae hapa natazama ukuta?" Nilimkubalia kwa ubaya, nisifiche. Nilitaka aone kilima. Nilitaka mmoja wao aone kilima tulichopanda bila mrija mdomoni.

Njia nzima alikuwa ananiuliza, nami nikamweleza, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo sikumweleza.

Zamani hizo, miaka mingi kabla ya wakimbizi kuja Ngara, Kanazi hapakuwa na gari hata la kuazima. Mtu akiugua alibebwa kwenye ingobyi mpaka hospitali ya misheni. Ni kitanda cha fito na matete, kimesukwa kama kikapu kirefu, kina miti miwili inayokaa mabegani. Wanne wanabeba, wengine wanafuata pembeni tayari kupokea, na unabadilisha bega huku unatembea, huweki chini. Kila nyumba ilitoa mwanamume. Asiyetoka, siku ya kuugua kwake angejibeba mwenyewe. Hakuna aliyeita jambo hilo hisani, na hakuna aliyelivalia fulana. Mkubwa wa ingobyi yetu alikuwa Sirili, mtu mfupi, shingo kama ya fahali, anaongea kidogo na kila alichoongea kilikuwa amri. Ingobyi ilikaa nyumbani kwake, imening'inizwa juu ya jiko kwenye kile chumba chake kirefu cha kulia, ili moshi uizuie isiliwe na wadudu. Tulikula chini yake. Ulikuwa unainua tonge unakiona kitanda cha wagonjwa juu ya kichwa chako, cheusi kwa masizi, kinanuka moshi na jasho la homa za watu.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana lote linakaa hapo. Mgonjwa alibebwa ametangulizwa miguu. Akifia njiani, ingobyi iligeuzwa, kichwa kikawa mbele, mkarudi naye nyumbani. Milima yetu inatazamana. Mtu anayelima ng'ambo ya bonde haoni sura ya aliyelala, lakini anaona kama kichwa kiko mbele au nyuma. Wakiona kichwa mbele, vilio vinaanza kilima kwa kilima, na waliobaki nyumbani wanachukua majembe. Mlikuwa mnafika na maiti mnakuta kaburi limefika kiunoni. Hivyo ndivyo habari zilivyotembea kwetu, na zilitembea upesi kuliko simu za leo zinazosema mtandao haupatikani. Neno la kugeuza lilikuwa la Sirili peke yake. Aliweka kiganja puani pa mgonjwa, akasema, "Amekwenda. Geuzeni." Ikawa imekwisha.

Mke wangu Evarista aligeuzwa penye jiwe kubwa jeupe, mahali tulipopaita Mwibuye. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Kabanga napeleka ndizi kwa baiskeli na kurudi na chumvi na sabuni, ndiyo kazi niliyokuwa naifanya. Asubuhi nilimwacha anatwanga. Homa ilimshika ghafla, ikamrusharusha, akanyamaza, wakambeba. Mimi nilikuwa narudi, nasukuma baiskeli mlimani, nikaona ng'ambo ya bonde ingobyi yetu inapanda na kichwa kiko mbele. Nikasema moyoni, maskini, nani huyo? Nikaendelea kusukuma. Nilimsikitikia mtu nisiyemjua kuanzia bonde lile mpaka kwenye uwanja wa nyumba yangu.

Wanawake walimwosha ndani, mimi nimekaa nje nimeegemea ukuta wa matete. Ukuta wa matete hauzuii sauti. Nikamsikia bibi mmoja anasema, "Huyu bado ana joto." Mwingine akajibu, "Jua hilo. Jua limempiga njiani." Wa kwanza akasema, "Jua gani linaingia kwapani?" Kisha maji yakaendelea kumwagwa. Niliinuka nikauvunja ule ukuta kwa mwili wangu. Wakanishika wabebaji, mikono ileile iliyombeba, nikawa napiga kelele asizikwe, asizikwe, na Sirili akasema kwa ile sauti yake ya amri, "Mshikeni. Ni uchungu huo." Jua lilipoinama walikuwa wamemaliza kufukia.

Hapo Neema akaniambia nisimamishe gari. Nilidhani anataka kutapika, maana barabara pale ina mashimo. Hakutapika. Alinitazama tu, akauliza, "Kwa hiyo mkeo alikuwa hai?"

Ndugu zangu, watu wamenijua umri wote huu. Nimekaa na mapadri, na wenyeviti, na mke wangu wa sasa aliyenizalia watoto. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Imekuja kuulizwa na mtembeaji mwenye plasta kisiginoni.

"Sijui," nikamwambia. Nikawasha gari.

Baada ya mazishi kila mtu alikuwa na dawa yake ya kunipa. Kunywa. Kusali. Kuoa. Kosima, baadaye mbebaji mwenzangu, mtu wa mdomo, aliniletea urwagwa ndoo nzima, ile pombe ya ndizi, akasema niinywe mpaka nione chini ya ndoo na nitakuwa mzima. Niliona chini ya ndoo nyingi. Chini ya ndoo pana ndoo. Kisha asubuhi moja nikaenda kwa Sirili, nikasimama mlangoni pake wanakula, nikasema nataka kubeba. Wakaacha kula. Kwetu mfiwa habebi kabla ya mwaka kwisha, wanasema anavuta kifo njiani. Kosima akatikisa kichwa. "Anatoli, wewe bado una udongo wa kaburi kwenye kucha. Utamuua mgonjwa kwa kumtazama." Wengine wakacheka. Sirili hakucheka. Alisogea kwenye mkeka. "Bega analo," akasema. "Kaa ule." Nikakaa chini ya ile ingobyi iliyomleta mke wangu nikala ugali wa muhogo wa yule mtu. Nilikula kwa chuki. Ugali ulikuwa mzuri, na hilo nalo liliniudhi.

Msidhani nilikwenda kubeba kwa huruma. Hao wa fulana wanapenda kusikia kwamba mtu ameumia, kisha moyo wake umefunguka kama dirisha, akaanza kuwapenda wote. Mimi sikumpenda mtu. Nilikwenda kumchunga Sirili. Nilitaka nisiwe mbali tena atakapoweka kile kiganja chake chenye sugu puani pa mtu. Sugu inahisi nini? Kiganja kile kilikuwa kigumu kama kwato, ungeweza kuweka kaa la moto na asijue. Nilinunua Kabanga kioo kidogo cha kunyolea, cha duara, nikakishonea mfuko kwenye shati. Kila mgonjwa aliyenyamaza, Sirili akiweka kiganja, mimi niliweka kioo. Kosima alipenda sana mchezo huo. "Subirini jamani," alikuwa anasema, "bwana harusi anajitazama." Na kila mara kioo kilitoka kikavu, na kila mara Sirili alikuwa amesema kweli, na kila mara wabebaji walinitazama kwa dharau nami nikawatazama kwa dharau zaidi.

Lakini nilibeba. Nilibeba mvua na kiangazi. Nilibeba wazee waliokuwa wepesi kama kuni na mwenye duka mmoja aliyekuwa mzito kama duka lenyewe, analalamika njia nzima kwamba tunamtikisa. Bega la kulia lilivimba, likapasuka, likafanya ngozi mpya. Nikijilaza nilikuwa nalala kama gogo. Sikuota ukuta wa matete. Hao watembeaji wanasema ni miguu inayoponya, eti mwili ukichoka roho inasafishika. Upuuzi. Nilisukuma baiskeli ya ndizi milima ileile miaka mingi nikiwa nimechoka kuliko punda, na sikusafishika chochote. Kilichokuwa tofauti ni uzito ule. Ndizi hazipumui. Unapokuwa kwenye mti wa nyuma, unasikia mtu mbele ya uso wako anavuta pumzi, na hatua yako unaipima kwa pumzi yake bila kuambiwa, na hakuna nafasi ya kujifikiria wewe. Mtu mwenye fimbo mbili na begi tupu mgongoni amebeba nini? Amejibeba mwenyewe. Ndiyo maana jioni anakuwa na mengi ya kusema.

Karibu na mwisho wa mwaka huo aliugua Skolastika, binti aliyekuwa ameolewa juzijuzi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ilikuwa homa ileile. Ilimshika ghafla, ikamrusharusha, akanyamaza. Mimi nilikuwa mti wa nyuma kulia, na tulipokaribia Mwibuye pumzi niliyokuwa naisikia mbele ya uso wangu ikakatika. Sirili akasimamisha. Akaweka kiganja. Mume wa binti, kijana wa watu, alikuwa amekaa njiani amejifunika uso. "Amekwenda," Sirili akasema. "Geuzeni."

Wakageuza kabla sijatoa mkono mfukoni. Walikuwa wepesi kwa mazoea. Kichwa kikawa mbele, na papo hapo ng'ambo ya bonde mwanamke mmoja akapiga ukunga, mwingine akampokea, na mwingine. Nikawaambia waweke chini. Kosima akasema, "Una wazimu? Ingobyi haiwekwi chini njiani." Nikamwambia nitaiweka chini pamoja na yeye. Nikaweka kioo. Jasho lilikuwa linanidondoka. Kikatoka na ukungu mdogo, mdogo kama ukucha.

"Ni jasho lako hilo," Kosima akasema.

"Si jasho."

"Ni jasho, Anatoli. Mwache dada wa watu apumzike. Huyu si Evarista."

Nilishika mti wa mbele nikakita miguu chini kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Nikasema mtu yeyote akipiga hatua moja kuelekea nyumbani, nitamvunja. Nilikuwa naweza, wakati huo. Wakaanza kunitukana. Wakasema nimetiwa pepo na kaburi, wakasema tangu mwanzo walikataa mfiwa asibebe, sasa ona. Mume wa binti akainuka, akamtazama Sirili. Vilio vilikuwa vimefika kilima cha tatu. Sote tulijua huko nyumbani majembe yameshatoka. Tukisonga mbele na maiti mpaka hospitali ya misheni ingekuwa aibu isiyosimulika, kutembeza maiti ya mtoto wa watu milimani kwa sababu ya kichaa mmoja na kioo chake. Na tukirudi naye akiwa hai, basi.

Sirili alinitazama. Alitazama kile kioo mkononi mwangu, akatazama kiganja chake, akakitazama muda kama mtu aliyekiona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, na sauti haikuwa ya amri, "Geuzeni tena."

Ingobyi haikuwa imewahi kugeuzwa mara mbili. Hatukujua hata pa kushika, tuligongana kama watoto. Kisha tukashuka kwa kukimbia. Sikumbuki bonde. Nakumbuka Sirili amechukua mti wa mbele kushoto sambamba nami, mkubwa hakuwa anabeba tena siku hizo, anakoroma kama msumeno, na ng'ambo vilio vikikatika kimoja kimoja, watu hawaelewi wanachokiona. Tulimfikisha. Akapona. Aliporudi kwa miguu yake alikuta kaburi lake uani kwa mumewe limefika kiunoni. Walitaka kulifukia, akakataa. Akajaza samadi akapanda mgomba.

Siku tuliyotoka kumpeleka tulikula kwa Sirili kama kawaida. Ingobyi ilikuwa imerudishwa juu, bado ina matone ya maji ya bondeni, inatudondokea kwenye mboga. Hata Kosima alikuwa anatafuna kimyakimya, anachagua mifupa. Mimi nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nangoja bila kujua nangoja nini, na sasa nilijua. Nilimngoja Sirili aseme jina la mke wangu. Aseme tu, Evarista. Sikutaka hata samahani. Akanawa mikono, akaifuta taratibu, akasema, "Kuanzia leo kutazama ni kwa Anatoli." Akatoka nje kufunga mbuzi.

Nilimdharau sana. Nikasema huyu mtu anaogopa kaburi la Evarista lililoko hatua chache kutoka mlangoni pake, badala ya neno ananipa kazi. Nilimaliza mwaka wangu, nikatazama waliopaswa kutazamwa, nikapakia baiskeli nikaenda Biharamulo, nikaanza na kuuza mahindi ya Wasukuma wa Nemba, nikapata mashine ya kusaga, nikajenga. Sikurudi kwa Sirili. Waliokuwa wanatoka Kanazi walikuwa wananiambia anakusalimu, nami nilikuwa nawauliza bei ya ndizi.

Tulipofika Kanazi gari lilikwama chini ya kilima kwa utelezi, tukapanda kwa miguu. Nilimwambia Neema asubiri. Alivua viatu vyake vya gharama akavishika mkononi akapanda pekupeku, kisigino kinaacha alama kwenye udongo. Sikumsifu. Tulipopumzika kidogo akasema bila kunitazama, "Mimi nilifika hospitali mama ameshafunikwa. Sikumfunua." Nikamwambia apande, tunachelewa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Skolastika, bibi kizee sasa, mnene, ana wajukuu wamemzunguka, alikuwa anasimamia sufuria. Akaniona akaacha mwiko. "Karibu, mwenye kioo," akasema. "Leo mnakula ndizi za kaburi langu. Zimezaa vizuri mwaka huu." Akacheka, akalia, akarudi kwenye sufuria. Walikuwapo wasemaji. Mmoja alimwita marehemu nguzo, mwingine akamwita taa. Sirili hakuwa taa. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kiburi, na alijua kubeba. Nilikuwa nafikiri hivyo Laurenti aliponishika mkono akaniingiza ndani, kwenye kile chumba kirefu. Ingobyi ilikuwa bado juu, imekauka, buibui wamejenga. Chini yake, mahali tulipokuwa tunakula, palikuwa na jeneza, miguu ya marehemu imetangulizwa mlangoni kama ya mgonjwa, na kifuniko cha jeneza kimeegemezwa ukutani. Watu wa kupigilia misumari walikuwa wamekaa tu, nyundo mapajani.

"Wamengoja tangu asubuhi," Laurenti akasema. "Baba alituapisha. Alisema, msinifunike mpaka Anatoli aje atazame."

Nikauliza, alisema lingine?

"Hapana, mzee. Alirudiarudia hilo. Tukimwambia yuko mbali, hatakuja, anasema, nitamngoja."

Nilisimama pale. Nilitaka kutukana. Alikuwa na umri mzima wa kusema, na barabara ya lami tangu mlangoni kwangu mpaka Ngara, na simu ya mwanawe, na akaona aseme akiwa amelala, mimi nimesimama mbele za watu siwezi kumjibu. Hata kuomba kwake aliomba kwa amri. Nikapapasa mfuko wa shati, kwa mazoea ya zamani. Kioo kile kilivunjika miaka mingi iliyopita. Neema alikuwa amesimama mlangoni, miguu ina tope mpaka kwenye vifundo. Alifungua mkoba wake, akatoa kijikebe cha poda chenye kioo ndani ya kifuniko, akafuta poda kwa ncha ya fulana yake, akanipa.

Niliinama. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Nikaweka kioo puani pake nikangoja. Wale wa misumari walitazama, Laurenti akatazama. Nilingoja kupita ilivyostahili, zaidi ya nilivyomngoja mtu yeyote mwaka ule wote, mpaka bega la kulia likaanza kuniuma lenyewe bila mzigo. Nilitazama kile kiganja chake chenye sugu, wamekilaza kifuani. Nikakinyanyua, nikakishika kidogo, nikakirudisha. Kioo kilikuwa kikavu. Nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango ili niwe na hakika, nikakirudisha tena puani, nikangoja tena, kama ambavyo angepaswa kungojewa mtu mwingine.

Kisha nikainuka, nikamrudishia Neema kioo chake.

"Amekwenda," nikawaambia. "Geuzeni."